Kifua kikuu sugu
Kifua kikuu sugu ni aina ya kifua kikuu ambayo bakteria wake hawafi kwa dawa mbili kuu za tiba ya kawaida, yaani isoniazidi na rifampisini. Usugu hutokea hasa mgonjwa anapoacha dawa kabla ya kumaliza miezi 6: bakteria dhaifu hufa, wale sugu hubaki na kuongezeka. Mtu anaweza pia kuambukizwa kwa njia ya hewa bakteria ambao tayari ni sugu.

Dalili zake ni zilezile za kifua kikuu cha kawaida, hivyo usugu hugunduliwa maabara tu. Hadubini huonyesha bakteria katika makohozi, lakini haionyeshi kama ni sugu. Kuotesha bakteria huchukua wiki kadhaa. Wakati huo mgonjwa anaweza kuendelea kumeza dawa zisizomponya na kuambukiza wengine. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani liliidhinisha kipimo cha GeneXpert, ambacho hutambua bakteria na usugu dhidi ya rifampisini kwa saa 2 hivi.

Nchini Tanzania tiba ya kifua kikuu sugu ilianza mwaka 2009 katika hospitali ya Kibong'oto, mkoa wa Kilimanjaro.