Kiyama kimepita, nani atawasha jenereta?

Leo tuweke programu pembeni kidogo tuzungumze sinema. Sitatoka nje ya mada sana, mtaona wenyewe. Wenzangu wengi katika kazi hii ya tarakilishi wana ugonjwa uleule nilio nao: tunapenda filamu za dunia iliyokwisha kuharibika. Barabara tupu, magari yaliyoota kutu, mtu mmoja na mkoba wake mgongoni. Siku nyingi nimetaka kuandika historia ya filamu hizi, na hasa kujibu swali moja: ni kitu gani kinachoifanya filamu iwe ya utanzu huu, isiwe tu filamu ya maafa?

Kiswahili kinatupa tabu kidogo hapa. Sisi tuna "siku ya kiyama", na neno hilo lililotoka Kiarabu linabeba maana ya wafu kusimama wakahukumiwe. Baada ya hapo hakuna Jumatatu. Hakuna mtu anayeamka asubuhi baada ya kiyama akaanza kutafuta kiberiti. Basi filamu hizi zinaanza hapo hasa, Jumatatu asubuhi, kiberiti hakipo na duka halina mwenyewe. Filamu ya maafa huisha mawimbi yakitulia na mwigizaji mkuu akimkumbatia mkewe. Hizi nyingine huanza pale. Haziulizi sana dunia itaharibika vipi. Zinauliza: kati ya waliobaki, nani anajua kitu hiki kinafanyaje kazi, na atamfundisha nani kabla hajafa?

Kwa kipimo hicho filamu kadhaa mashuhuri zinaanguka mtihani. The Terminator ya 1984 naipenda mno, lakini karibu hadithi yote inatokea Los Angeles ya mwaka huohuo, dunia ikiwa nzima na taa zikiwaka. Siku zijazo tunaonyeshwa vipande vipande tu. Naiondoa kwenye orodha, mnisamehe.

Ya zamani ninayoiheshimu ni Things to Come, ya Uingereza, 1936, kutoka kwa H. G. Wells. Humo vita vinaanza Krismasi ya 1940, ndege zinaupiga mji, na vinaendelea miaka na miaka mpaka watu wanasahau vilianzia wapi. (Vita vyenyewe vilikuja mwaka mmoja mapema, na London ikaanza kupigwa usiku baada ya usiku Septemba 1940. Wells hakukosea sana.) Sehemu ninayoipenda si vita. Ni pale mji ulipokwisha kuwa magofu, unatawaliwa na jamaa mbabe anayeitwa tu Bosi, ambaye anataka ndege zake ziruke tena. Fundi wake anajua ndege, lakini mafuta hakuna na vipuri hakuna. Bosi anafoka, anaamrisha, anatisha. Ndege hairuki kwa kufokewa. Halafu inatua ndege mpya kutoka kwa chama cha wahandisi na marubani waliojijenga upya huko Basra, Iraki. Kuanzia hapo Wells anaanza kuhubiri, wahandisi wanakuwa malaika, nami huwa naanza kusinzia. Lakini lile jambo la fundi na Bosi limerudiwa na filamu nyingi zilizofuata.

Halafu likaja bomu. Tarehe 1 Machi 1954 Marekani ililipua bomu la haidrojeni kule Bikini, katika Bahari ya Pasifiki, lenye nguvu ya megatoni 15, zaidi ya maradufu ya ile waliyotarajia. Majivu yake yaliwaangukia wavuvi 23 wa Kijapani waliokuwa mbali na eneo lililopigwa marufuku, na mwendesha redio wao akafa Septemba mwaka huo. Tangu hapo kila mtu alielewa kwamba bomu haliui pale linapoangukia tu. Kutoka katika hofu hiyo ikaja On the Beach, ya Stanley Kramer, 1959, iliyotoka kwenye kitabu cha Nevil Shute. Nusu ya kaskazini ya dunia imekwisha kufa, na watu wa Melbourne wanangoja upepo uwaletee mionzi. Hakuna jengo linaloanguka. Watu wanakwenda kuvua samaki na kushindana magari.

Kuna jambo moja humo ambalo mtu yeyote wa mawasiliano hatalisahau. Kutoka Marekani inasikika ishara ya Morse, haina maana, lakini ipo. Kuna mtu hai? Nyambizi inatumwa kuvuka bahari nzima kwenda kuangalia. Baharia mmoja anaingia kwenye chumba cha mitambo akiwa amevaa nguo za kujikinga. Stima bado haijazimika. Anayetuma ishara ni chupa ya soda iliyonaswa kwenye kamba ya pazia la dirisha: upepo ukivuma, chupa inagonga kitufe. Ndio hivyo. Mtambo uko hai, watu hawapo. Mimi kila nikiona seva inayojibu vizuri lakini hakuna anayejua nani aliiweka, huikumbuka chupa ile.

Ukitaka kuona jinsi hofu inavyobadilika, chukua hadithi moja iliyopigwa filamu mara tatu. Richard Matheson alitoa kitabu chake I Am Legend mwaka 1954. Mwaka 1964 kikawa The Last Man on Earth, akicheza Vincent Price, na kinachoua watu ni tauni tu, imekuja kama tauni za kale. Mwaka 1971 kikawa The Omega Man, na sasa ugonjwa umetokana na vita vya vijidudu baina ya China na Muungano wa Sovieti, nchi mbili ambazo kweli zilikuwa zimepigana mpakani mwaka 1969. Mwaka 2007 kikarudi kwa jina lake, akicheza Will Smith, na mara hii kosa ni la maabara: virusi vya surua vilivyorekebishwa viponye saratani. Hadithi ni moja, mtu ni mmoja, mji ni mtupu, lakini mshtakiwa amebadilika: maumbile, majenerali, wanasayansi. Kitu kimoja hakikubadilika. Wote watatu wana jenereta, na wote watatu huishughulikia kama mama anavyomshughulikia mtoto mchanga. Usiku ukiingia bila taa, wamekwisha.

Mad Max ilizaliwa na foleni ya petroli. Mwaka 1973 nchi za Kiarabu zilipopunguza mafuta, bei ikapanda karibu mara nne, na James McCausland, aliyeiandika filamu pamoja na George Miller, alisema baadaye kwamba alijionea Waaustralia wa kawaida wakiwa tayari kupigana ili gari lijae tangi. Miller mwenyewe alikuwa daktari aliyehudumia majeruhi wa ajali za barabarani. Filamu ya kwanza, 1979, kwa kipimo changu bado haijafika: kuna polisi, kuna mahakama, kuna aiskrimu. Ya pili, 1981, ndiyo yenyewe. Watu wachache wamejifungia kwenye kisima cha mafuta jangwani, na wengine wamewazingira. Kila gari humo limeungwa na fundi wa jua kali kutoka kwa magari matatu yaliyokufa. Watu husema ni filamu ya vurugu, na kweli vurugu zimo, lakini angalia nani anaheshimiwa: anayejua kuliendesha lori, anayejua kulirekebisha, na yule bwana mwenye kijindege cha kuruka peke yake.

Sasa tufike kwa ile ninayoiona kubwa kuliko zote, na kwanza nieleze ilizaliwa wakati gani. Novemba 1979 tarakilishi za ulinzi wa anga za Marekani zilionyesha shambulio kubwa la makombora ya Sovieti. Kumbe data za mazoezi zilikuwa zimeingia kwenye mtambo wa kazi. (Ndugu zangu wa programu, mnaijua hiyo: data za majaribio kwenye mfumo halisi.) Tarehe 3 Juni 1980 kengele zikalia tena, marubani wakawasha injini za ndege za mabomu. Mara hii ilikuwa chipu mbovu ya senti 46. Na 26 Septemba 1983, upande wa pili, setilaiti za Sovieti ziliripoti makombora matano yakija. Afisa wa zamu, Stanislav Petrov, aliamua ni kosa la mtambo, na alikuwa sahihi: ulikuwa mwanga wa jua uliorudishwa na mawingu. Dunia haikulijua jina lake mpaka miaka ya tisini.

Novemba mwaka huo runinga ya Marekani ilionyesha The Day After, ikatazamwa na watu wapatao milioni 100, na Rais Reagan aliandika kwenye shajara yake kwamba ilimhuzunisha. Ni filamu nzuri. Lakini tarehe 23 Septemba 1984 BBC ilionyesha Threads, iliyoandikwa na Barry Hines na kuongozwa na Mick Jackson, na baada ya kuiona hiyo, ile ya Marekani inakuwa kama tangazo la sabuni. (Mick Jackson ni huyohuyo aliyekuja kuongoza The Bodyguard ya Whitney Houston mwaka 1992. Amini usiamini.)

Jina lenyewe lina maana ya nyuzi. Filamu inaanza na buibui akisuka utando, na msimulizi anaeleza kwamba jamii ya mjini imefungamana hivyohivyo, na kufungamana huko ndiko nguvu yake na ndiko udhaifu wake. Mji ni Sheffield. Wachumba wawili wanapaka rangi nyumba yao mpya huku habari za vita zikisikika redioni bila mtu kuzijali. Bomu linaanguka kabla filamu haijafika nusu. Baada ya hapo ni kukatika kwa uzi mmoja baada ya mwingine. Kamati ya dharura ya mji imekaa chini ya jengo la halmashauri, ina simu, ina ramani, ina orodha ya nani asimamie chakula. Kifusi kimewafunika. Wanagombana kwa simu juu ya magari yasiyokuwepo, na wanafia mlemle. Hospitali ina madaktari lakini haina maji wala dawa wala umeme, kwa hiyo daktari ana ujuzi sawa na wa jirani yako.

Kisha filamu inafanya ambacho nyingine haithubutu. Inaendelea, miaka 13. Jua limefunikwa na moshi. Hilo walilichukua kwenye utafiti wa Carl Sagan na wenzake uliotoka Desemba 1983. Idadi ya watu wa Uingereza inashuka hadi ile ya zama za kati. Watoto waliozaliwa baada ya bomu wanazungumza Kiingereza kilichovunjika, maneno machache tu, kwa sababu waliokuwa wawafundishe wamechoka au wamekufa. Na kuna darasa: watoto wamekaa mbele ya runinga, wanatazama kaseti ya zamani ya vipindi vya shule, picha imechakaa na inatetemeka. Kaseti inauliza, wao wanakodoa macho. Data imehifadhiwa. Anayeweza kuieleza hayupo.

Ngoja niseme jambo hapa maana najua kuna mtu atasema, "Lakini intaneti ilijengwa ili ihimili bomu la nyuklia." Nusu ya hilo ni kweli. Paul Baran, aliyefanya kazi shirika la RAND, alichapisha mwaka 1964 mpango wa mtandao usio na kitovu, wa kuendelea kuzungumza baada ya shambulio. Lakini ARPANET yenyewe, iliyotuma ujumbe wake wa kwanza Oktoba 1969, ilijengwa ili vyuo vitumie tarakilishi za mbali kwa pamoja, kwa kuwa zilikuwa ghali. Mawazo ya Baran yaliingia, kusudi lake halikuingia. Hata hivyo ujumbe unaoweza kuzunguka njia nyingine hausaidii kama anayeupokea ni chupa ya soda.

Za karne hii nipite haraka. 28 Days Later (2002) ilipigwa kwa kamera ndogo za kidijitali ili Danny Boyle aweze kufunga barabara za London kwa dakika chache alfajiri, na ndiyo maana picha zake zinaonekana za mashaka kiasi kile. The Road (2009) ni baba, mwana na toroli la dukani, na sitaki kuitazama tena.

Mwaka huohuo wa 2009 Wanuri Kahiu alitoa Pumzi, filamu fupi ya dakika ishirini na kitu. Kenya ilikuwa katika ukame mkali. Bwawa la Masinga lilipungua mpaka stima ikawa inakatwa kwa zamu. Kahiu alikuwa pia ametengeneza filamu ya maisha ya Wangari Maathai mwaka huo. Katika Pumzi imepita miaka 35 tangu Vita vya Tatu vya Dunia, vita vya maji. Watu wa Afrika Mashariki wanaishi ndani ya jengo lililofungwa, wanaliita Maitu, ambalo kwa Kikuyu ni mama. Umeme wanautoa kwa miili yao wenyewe, kwa zamu, juu ya mashine za mazoezi. Jasho na mkojo vinasafishwa vinakuwa maji ya kunywa. Ukiota ndoto, mashine inakuamuru umeze kidonge.

Angalia alichofanya. Katika filamu nyingine zote nilizotaja, mitambo imekufa na watu wanaitamani. Hapa mitambo yote inafanya kazi, hakuna hata tone linalopotea, fundi angeisifu. Mbegu iko kwenye chupa ndani ya makumbusho, na miti inaonyeshwa kwa picha. Asha, anayesimamia makumbusho hayo, anapata kipande cha udongo ambacho hakijulikani kimetoka wapi, anatia mbegu, anamwagia mgawo wake wa maji. Inachipua. Anaomba ruhusa ya kutoka nje akaipande, na wakubwa wanamwambia nje kumekufa, rudi kazini.