Ziwa Mweru: Njia Iliyogeuzwa Mpaka

Ukijaliwa kufika kaskazini mwa Zambia, tembea na jamaa zako kutoka Nchelenge hadi Kashikishi, makazi mawili jirani kando ya Ziwa Mweru. Mwendo huo hata mtoto huumudu. Lakini washike watoto mkono, wasikaribie maji, kwa maana mamba wamo.

Tazama magharibi. Upande wa pili wa maji huitwa ng’ambo, na ng’ambo hiyo ni Kongo. David Livingstone alipofika ziwani hapa mwezi wa Novemba 1867, wafanyabiashara Waswahili na Waarabu wa pwani walikuwa wamekwisha kumtangulia hadi kwa Mwata Kazembe, kusini mwa ziwa. Wakati huo ziwa lilikuwa njia.

Mwaka 1894, Uingereza ilipatana na Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, aliyeitawala Kongo. Mstari ukachorwa katikati ya ziwa, ukapindishwa kusini ili Kisiwa cha Kilwa kiwe cha Waingereza. Wavuvi hawakuulizwa.

Leo, kaskazini kabisa, Chienge inapakana na Pweto ya Kongo. Pweto husema Kiswahili. Huku kwetu ufukweni Kibemba ndicho kilichoenea. Hata hivyo, samaki na jamaa wako pande zote mbili.

Kuheshimu mpaka ni wajibu wa raia. Kujua ni nani aliyeuchora ni haki yake. Je, mpaka ulio karibu nawe ulichorwa na nani?