Babu wa droni alikuwa mcheza sinema

Kimya kirefu, najua, test zilinibana. Leo naleta historia, tena siyo ile ya mikataba na magavana tunayokariri usiku wa kuamkia mtihani. Ni ya kindege cha mbao.

Jamaa anaitwa Reginald Denny. Mwingereza huyu alikuwa mpiga bunduki wa ndege kwenye Vita Kuu ya Kwanza, kisha akaenda Hollywood kucheza sinema. Akapata jina, akapata hela, akapata na ugonjwa wa ndege ndogo. Mwaka 1934 akafungua duka lake hukohuko.

Mteja alikuwa anaondoka na boksi. Ndani kuna mchoro, vijiti na vipande vya balsa, ule mti mwepesi ajabu. Unatandaza mchoro mezani, unabana vijiti juu yake kwa pini, unatia gundi, unasubiri. Mbavu za bawa unazipanga moja moja. Bawa likipinda kidogo tu, ndege itaenda upande mpaka ikutane na ardhi. Halafu unaivalisha karatasi nyembamba na kuipaka dawa inayoikaza kama ngoma. Kuunda ni wiki kadhaa, kuanguka sekunde mbili! Mwaka 1938 Denny alinunua mchoro wa fundi Walter Righter na kuuza ndege hiyo kwa jina la Dennyplane. Huyo Righter jamani tusimsahau, maana historia inapenda sana sura za kwenye mabango.

Enzi hizo ukishaiachia ndege yako, inaenda itakako. Redio ndiyo ilibadilisha mambo. Mwaka 1937 mapacha Walter na William Good wa Kalamazoo, Michigan, waliongoza kwa redio kindege chao walichokiita Guff, ambacho baadaye kiliingia makumbusho ya Smithsonian.

Denny naye alikuwa ameshaanza kulibembeleza jeshi la Marekani tangu 1935. Hoja yake ilikuwa rahisi. Wapiga mizinga walijifunza kulenga kwa kufyatulia kitambaa kinachokokotwa na ndege yenye rubani. Hebu fikiria wewe ndiye rubani! Kumbe kindege kidogo kikiruka karibu, kwa macho ya aliye chini ni sawa na ndege kubwa iliyo mbali. Mwaka 1940 jeshi likakubali. (Mwaka huohuo Denny anaonekana kwenye filamu ya Rebecca. Sijui alikuwa analala saa ngapi.)

Ndege yenyewe iliitwa OQ-2, bawa kama mita 3.7, inarushwa kwa manati na kushuka kwa mwavuli kama risasi zimeikosa. Kampuni yake, Radioplane, ilitengeneza karibu 15,000 wakati wa vita. Mwaka 1944 akaajiriwa pale binti mmoja, Norma Jeane, kukagua miavuli na kupulizia ileile dawa ya kukaza. Mpiga picha wa jeshi, David Conover, akampiga picha kiwandani, na dunia ikaja kumjua kama Marilyn Monroe.

Wasimuliaji wengi wakifika hapo basi, wanahamia kwa Marilyn. Mimi ndipo ninapokereka. Ndege 15,000 hazikuundwa na msichana mmoja, na wenzake waliosimama naye zamu nzima hawana hata mstari. Tukienda kufundisha, mwanafunzi atauliza nani aligundua droni, na sisi tutampa jina moja aandike kwenye daftari. Nitampa lipi? Denny aliyekuwa na hela? Righter aliyechora? Wale mapacha? Au wale akina mama wa kiwandani?

Na kitu chenyewe hakikubaki shabaha. Mwaka 1952 Northrop ikainunua Radioplane, na mwaka 1955 kindege cha ukoo huohuo kikarushwa kikiwa na kamera, kwenda kuchungulia adui. Northrop Grumman ya baadaye ndiyo iliyotengeneza Global Hawk, yenye bawa la zaidi ya mita 35, haina mtu ndani. Denny alifariki mwaka 1967, akiwa bado anajulikana zaidi kwa sinema.