Kabaka Mutesa na Nyumba ya Kasubi

Ndugu msomaji, Kilimatinde hapa niandikapo ni ukingoni mwa Bonde la Ufa. Ukitazama mashariki nchi yashuka chini ya miguu yako mpaka mbuga za Bahi, na ukigeuka magharibi waielekea nyika ambayo wasafiri wa zamani waliiita Mgunda Mkali, kwa jua lake na uhaba wa maji yake. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora ilivuka Ugogo ikiwalipa watemi hongo kwa kila kisima, kisha ikapanda ukingo huu. Iliyotaka kwenda mbali zaidi ilitoka Tabora ikapita Karagwe hadi Buganda.

Juzi mwanafunzi wangu mmoja alinijia na kitabu cha shule chenye picha ya nyumba kubwa ya nyasi, ya duara, mfano wa kuba. Akaniuliza, "Maalim, wameandika kwamba mfalme aliyezikwa humu alikuwa akifunga Ramadhani. Je, alikuwa Mwislamu?" Nikamwambia aketi, maana jibu lake si la neno moja.

Nyumba ile iko juu ya kilima cha Kasubi, Kampala, na Waganda huiita Muzibu Azaala Mpanga. Kabaka Mutesa wa Kwanza aliijenga mwaka 1882 iwe kasri lake. Alipofariki Oktoba 1884 alizikwa humo humo, na kasri likawa kaburi. Upana wake wakaribia mita 31, na paa lake la nyasi lashuka mpaka karibu na ardhi. Darini mna pete kubwa 52, kwa hesabu ya koo za Buganda. Mgeni huvua viatu, akaketi juu ya mkeka, akatazama pazia la nguo ya magome ya mti. Nyuma ya pazia ni mahali waitapo msitu, asipoingia mtu ila mwenye ruhusa. Humo amelala Mutesa pamoja na watatu waliokuja baada yake: Mwanga, aliyefia uhamishoni Ushelisheli mwaka 1903 na mwili wake kurejeshwa 1910, Daudi Chwa, aliyefariki 1939, na Mutesa wa Pili, aliyefia London 1969 akarudishwa kwao 1971. Wanaolitunza kaburi ni wanawake wenye cheo cha wake wa Kabaka. Yapata miaka 140 na zaidi tangu mume azikwe, na nyumba yake bado ina wake.

Huenda utauliza, yatuhusu nini sisi watu wa pwani? Yatuhusu, kwa kuwa aliyoyajua Mutesa kuhusu Mwenyezi Mungu yalifika kwanza kwa njia hii ya misafara. Mnamo mwaka 1844 mfanyabiashara Mwarabu, Ahmed bin Ibrahim, alifika kwa Kabaka Suna, baba yake Mutesa. Siku moja akaona watu wakipelekwa kuuawa kwa amri ya mfalme, kama ilivyokuwa desturi. Akasimama mbele ya baraza zima akamwambia Suna kwamba watu hao wameumbwa na Mwenyezi Mungu, na ufalme huo ni Yeye aliyempa, basi ni kosa kubwa kuwaangamiza. Fikiri, ndugu yangu: mgeni, mbali na kwao safari ya miezi, mbele ya mtu awezaye kumkata kichwa kwa ishara ya mkono. Suna hakumdhuru, bali alimwita tena na tena amsomee Qurani.

Lakini tukisema haya, tuyaseme yote. Wazee wetu hawakuupanda ukingo huu kwa ajili ya daawa. Walipeleka bunduki, baruti, nguo na shanga, wakarudi na pembe za ndovu na watu waliofungwa shingoni. Aliyemfundisha Mganda kusoma Alhamdu, kesho yake aliweza kumnunua ndugu wa Mganda yule. Wako wenzetu wasiopenda jambo hili liandikwe. Mimi naona asiyelitaja hana haki ya kumtaja Ahmed bin Ibrahim.

Mutesa alishika ufalme mwaka 1856, mwaka uleule alipofariki Seyyid Said wa Unguja. Alikuwa kijana mwenye akili nyepesi na hamu ya kujua kila kitu. Akajifunza Kiswahili na Kiarabu, akaandika kwa herufi za Kiarabu, akavaa kanzu na kilemba. Mwaka 1867 akafunga Ramadhani, na akaendelea kufunga kwa muda wa miaka kumi hivi. Msikiti ukajengwa katika kasri. Akaamuru watu wake nao waswali na wafunge, na waliopuuza wakaadhibiwa vikali. Aliposikia habari za kufufuliwa wafu zilimshughulisha sana, na aliwauliza wageni wake, Waislamu na baadaye Wakristo, maswali ya maisha baada ya kaburi.

Jambo moja lilimshinda. Mila ya Buganda haikuruhusu damu ya Kabaka kumwagwa, kwa hiyo hakukubali kutahiriwa. Kwa miaka kadhaa walimu wa pwani walilinyamazia, kwani walikuwa wageni wake na wafanyabiashara wake. Kisha wakaja Waislamu wengine kutoka kaskazini, kwa njia ya Misri na Sudani, wakawaambia vijana wa kasri kwamba haifai kuswali nyuma ya imamu asiyetahiriwa, wala kula nyama aliyoichinja mtu wa namna hiyo. Vijana wakasadiki. Wakakataa kuswali nyuma ya Kabaka, na wakakataa nyama ya jikoni mwake.

Wakati huo Khedive Ismail wa Misri alikuwa akisogeza majeshi yake kuufuata mto Nili kuelekea Buganda. Stanley naye alikwisha fika mwaka 1875 na kumweleza Kabaka habari za dini ya Kikristo. Basi Mutesa aliyatazama maneno ya vijana kwa jicho la mtawala: leo wakataa nyama yangu kwa neno la watu wa kaskazini, kesho watanikataa mimi. Mwaka 1876 akaamuru wakamatwe. Yapata sabini walipelekwa Namugongo wakachomwa moto, na wengine wakakimbia. Aliyekataa kutoa tone la damu yake aliwatoa sabini wa watu wake.

Baada ya hapo aliwasikiliza wamisionari wa Kiingereza waliofika 1877 na wa Kifaransa waliofika 1879, akiwachezesha hawa na wale, na mara nyingine akirudia mizimu ya jadi. Alikufa bila kubatizwa na bila kutahiriwa.

Hata hivyo, tazama alivyozikwa. Kabla yake, Kabaka akifa taya lake lilitolewa likahifadhiwa katika nyumba yake maalumu, na mwili ukazikwa mahali pengine. Mutesa alikuwa wa kwanza kuzikwa mzima, taya lake pamoja na mwili wake. Mimi nikilifikiri hili huona ni kitendo cha mtu aliyesikia habari za ufufuo zikamkaa moyoni, ingawa hakuweza kuzifuata mpaka mwisho. Na juu ya mwili ule uliozikwa hivyo likabaki kasri, na wake, na watumishi, kana kwamba mwenyewe katoka barazani tu.

Wala tusiwacheke Waganda. Nenda Kaole, nenda Kunduchi, nenda Malindi ya Kenya, ukaone makaburi ya nguzo ya wazee wetu, waliopachika bakuli za Kichina juu yake ili mpita njia ajue kwamba aliyelala hapa alikuwa tajiri. Nao walikuwa wakisoma ilmu, na hukumu ya kujengea makaburi waliijua.

Nyumba ya Kasubi iliungua usiku wa tarehe 16 Machi 2010. Ilikuwa imeandikwa na UNESCO mwaka 2001 miongoni mwa urithi wa dunia. Ikajengwa upya kwa miti, matete na nyasi, ukoo wa Ngeye wakiezeka kama ilivyo haki yao tangu zamani, na mwaka 2023 ikaondolewa katika orodha ya mali zilizo hatarini. Ama Uislamu wa Buganda, baada ya Mutesa ulishikwa na nduguye mwenyewe, Nuhu Mbogo, aliyewaongoza Waislamu wa huko mpaka alipofariki mwaka 1921. Juu ya kaburi lake Mbogo sijapata kuona picha katika kitabu cha shule.

Nilipomaliza, mwanafunzi wangu alinyamaza kidogo. Kuhusu Mutesa nilikuwa nimemwambia kwamba funga yake ilikuwa kweli, mauaji yake yalikuwa kweli, na moyo wake ameujua Mola wake. Kisha akauliza, "Na wale sabini, Maalim, walizikwa wapi?"

Tukaitafuta Namugongo katika kitabu chake. Ilikuwamo, pamoja na Wakristo waliouawa huko na Mwanga mwaka 1886, ambao kila tarehe 3 Juni huendewa na mahujaji kutoka nchi nyingi, na wana haki ya kukumbukwa. Mwaka 1876 haukuwamo. Akachukua kalamu yake ya risasi, akauandika pembeni.