Upasuaji wa kidole tumbo kwa matundu madogo
KIDOLE tumbo, kijipande kinachoning'inia mwanzoni mwa utumbo mpana, kikivimba na kutunga usaha kwa kawaida huondolewa kabla hakijapasuka na kusambaza uchafu tumboni.

Mnamo 1980, Kurt Semm, daktari wa maradhi ya wanawake mjini Kiel, Ujerumani, alikiondoa bila kulipasua tumbo. Wapasuaji wa nchi yake walimpinga vikali. Leo njia hiyo, laparoskopi, imeenea duniani.

Mgonjwa hutiwa nusukaputi, kisha tumbo hujazwa gesi ya kaboni dayoksaidi ili daktari apate nafasi. Kamera hupenyezwa kitovuni, na vyombo vyembamba kupitia matundu mengine mawili madogo, daktari akitazama kazi yake kwenye runinga. Mabega yakiuma baadaye, mgonjwa asishtuke: ni gesi iliyosalia.

Majeraha hayo hupona upesi. Hata hivyo, kidole kikiwa kimekwisha kupasuka, huenda daktari akalazimika kurudia njia ya zamani, na huko si kushindwa kazi. Ndiyo maana maumivu yanayoanzia kitovuni na kuhamia chini upande wa kulia, pamoja na kichefuchefu na homa, ni ya kupelekwa hospitalini siku hiyo hiyo. Mgonjwa asipewe dawa ya kuharisha.