Kabla ya Droni Kulikuwa na Chazo

Kuna video fulani za uvuvi ambazo ukitazama moja, YouTube inakuletea kumi. Jamaa amesimama ufukweni na kaptula yake na kofia, hana mashua wala mtumbwi. Droni imetulia mchangani mbele yake. Anaiwasha, inanyanyuka kwa kelele za nyuki waliochokozwa, na chini yake kunaning'inia kipande cha samaki kilichotungwa kwenye ndoana. Inavuka mawimbi, inakuwa nukta, inapotea. Baada ya dakika chache imerudi mikono mitupu, na yule jamaa amekaa kwenye kiti chake akitazama ncha ya fimbo. Sehemu inayobaki unaijua: fimbo inapinda, watu wanapiga kelele, papa anaburutwa hadi mchangani, picha zinapigwa.

Mimi nimekulia Mombasa, na kuona mtu akivua kwa mshipi kutoka kwenye mwamba si kitu cha kunishangaza. Kilichonikalia ni yale maneno ya chini ya hizi video, eti binadamu ameanza kuvua kwa njia ambayo haijawahi kuonekana duniani. Nikaanza kusoma. Kumbe hadithi ya kutuma kitu kikupelekee ndoana mahali usipofika ni ya zamani sana, na sura yake mojawapo iko huku kwetu.

Kwanza tuelewane kuhusu shida yenyewe. Mvuvi wa ufukweni ana mkono mfupi. Awe na fimbo ndefu, awe na misuli, bado chambo ni kipande cha nyama kinachopepesuka hewani, na kukivusha mita 100 au 150 ni kazi ya watu waliojifunza. Nyuma ya pale mawimbi yanapovunjikia kuna maji ya kina ambayo yeye anayaona tu. Droni inaifuta shida hiyo. Rili inaachwa wazi, uzi unatiririka nyuma ya droni, na kamera inamwonyesha rubani rangi ya maji: hapa fungu la mchanga, pale mkondo mweusi. Akifika anapopataka, tuseme mita 400, anabonyeza kitufe, klipu inaachia, chambo kinadondoka. Droni inarudi kabla betri haijakata, na mvuvi anakaza uzi.

Sasa turudi nyuma. Kuna samaki anaitwa chazo. Usimchanganye na chaza wa kwenye mawe. Chazo ana kitu kama soli ya kiatu juu ya kichwa, na kwa soli hiyo hujibandika kwenye papa, kasa, hata kwenye mashua, akasafiri bure. Wavuvi wa pwani hii waliitazama tabia hiyo wakaona kifaa. Walimkamata chazo akiwa hai, wakamfunga kamba mkiani, na kumweka tayari chomboni. Kasa akionekana, chazo aliachiwa majini. Alikwenda mwenyewe, akajibandika kwenye gamba, na kutoka hapo kazi ilikuwa ya subira: kulegeza kamba, kuivuta kidogo, kulegeza tena, mpaka kasa alipochoka na kusogezwa karibu.

Miaka ya 1880 Mwingereza mmoja aliyefanya kazi kwenye ubalozi wa nchi yake Zanzibar, Frederic Holmwood, aliandika habari hizi na kuzipeleka kwa wanazuolojia wa London. Alieleza hata habari za chazo waliovishwa pete ya chuma mkiani ili kamba isiwakate. Yaani chazo hakuwa wa safari moja. Alitumwa, akarudishwa, akatumwa tena. London walishangaa, ingawa hawakuwa na sababu kubwa ya kushangaa, kwa sababu wanahistoria wa safari ya pili ya Christopher Columbus walikuwa wameshaandika kitu hicho hicho kutoka Cuba mwaka 1494, na wakazi wa visiwa vya Torres Strait, kaskazini mwa Australia, walikuwa nacho pia. Sehemu tatu za dunia, samaki mmoja, wazo moja. Sijaona dalili kwamba mmoja alimfundisha mwenzake.

Na soko lilikuwepo kabla ya Mwingereza yeyote. Gamba la ng'amba linatajwa kati ya bidhaa zilizotoka pwani hii kwenye Periplus, kile kitabu cha Kigiriki cha karne ya 1 kinachoeleza biashara ya Bahari ya Hindi. Kitabu hicho kinataja hata kasa walivyonaswa kwenye kisiwa kimoja cha upande wetu: vikapu viliwekwa kwenye mianya ya mwamba maji yanapopita. Chazo hatajwi humo. Leo kasa wote wanalindwa kwa sheria nchini Kenya, kwa hiyo anayetaka kujaribu ujuzi huu ajue pia njia ya kwenda kortini.

Utasema chazo alitumwa kutoka chomboni, si ufukweni, na ni kweli. Lakini ni shida ile ile. Kasa akiona chombo kinamjia, anazama. Unahitaji kitu cha tatu kati yako na yeye, kitu asichokiogopa.

Visiwani Solomon na sehemu za Indonesia, kitu hicho cha tatu kilikuwa kishada. Kilitengenezwa kwa jani la mtende wa kule, likanyooshwa kwa vijiti, kikarushwa kutoka kwenye mtumbwi. Kutoka kwenye kishada kulishuka uzi wa pili hadi kwenye uso wa maji. Na mwisho wa uzi huo, Solomon, hakukuwa na ndoana. Kulikuwa na fundo la utando wa buibui. Samaki aliyetafutwa ni jamii ya mtumbuu, mwenye mdomo mrefu uliojaa meno madogo kama sindano. Anauma ule utando unaorukaruka juu ya maji, meno yananasa, basi. Kivuli cha mtumbwi kiko mbali, hakimtishi. Henry Balfour, aliyekuwa mlinzi wa jumba la makumbusho la Pitt Rivers kule Oxford, aliandika makala nzima juu ya uvuvi wa vishada, ikachapishwa mwaka 1913. Nakubali kwamba hapa nilipotea kidogo, nikatumia jioni mbili kutazama picha za vishada vya majani badala ya kuandika.

Miaka hiyo hiyo, upande wa pili wa Pasifiki, matajiri wa Marekani walikuwa wakihangaika na jodari wakubwa karibu na kisiwa cha Catalina, California. Jodari hawakutaka kukaribia mashua za injini. Nahodha mmoja, George Farnsworth, akafunga chambo cha panzi, yule samaki anayeruka, kwenye kishada, na panzi akawa anacheza juu ya maji mbali na mashua. Mwandishi wa riwaya Zane Grey alikuwa mmoja wa waliovua huko. Kilichokuwa riziki kwa watu wa Solomon kikawa mchezo wa klabu.

New Zealand ndio waliolileta wazo ufukweni hasa. Kule upepo unaovuma kutoka bara kwenda baharini ni mali. Watu walitengeneza vijirafu vyenye tanga, wakavifunga kamba ndefu yenye ndoana nyingi, wakaviachia upepo uvipeleke nje. Wakaviita kontiki, kwa jina la rafu ambayo Thor Heyerdahl wa Norwei alisafiria kutoka Peru hadi visiwa vya Polinesia mwaka 1947, siku 101 majini. Baadaye tanga likaondoka, ikaja mota ya umeme. Sheria yao kwa anayevua kwa ajili ya nyumbani inaruhusu ndoana 25 kwa kamba moja. Nafikiri idadi hiyo ni muhimu kuliko kifaa chenyewe, na nitaeleza kwa nini.

Droni za kawaida, zile mtu anaweza kununua dukani na kurusha bila kusomea urubani, zilienea kuanzia 2013. Haikuchukua muda mtu akafunga ndoana. Utafiti mmoja uliochapishwa katika jarida la Ambio ulifuatilia jambo hili kupitia mtandao wenyewe, yaani watu wanatafuta nini na wanatazama nini, ukaona hamu ilipanda ghafla mwaka 2016 baada ya video moja iliyosambaa. Nchi zilizoongoza ni New Zealand, Australia na Afrika Kusini. Afrika Kusini waliolengwa zaidi walikuwa papa.

Hapo ndipo mambo yalipochacha. Afrika Kusini ina utamaduni mkubwa wa kuvua kutoka ufukweni, na ina historia ambayo huwezi kuisahau ukiwa mchangani. Wakati wa ubaguzi wa rangi, fukwe zenyewe ziligawanywa kwa rangi ya ngozi. Sheria ya rasilimali za bahari ya 1998 ilikuja kuwatambua wavuvi wanaovua ili wale, kando na wenye makampuni na wanaovua kwa starehe. Huyu wa starehe haruhusiwi kuuza samaki wake. Lakini wote wanakutana kwenye mchanga mmoja: mmoja ana droni ya mshahara wa miezi, mwingine ana uzi na chupa.

Na haikuwa mara ya kwanza serikali kupunguza mkono wa mvuvi kule. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilipiga marufuku kuendesha magari ufukweni kwa ajili ya burudani. Wavuvi waliokuwa wakifika sehemu za mbali kwa gari walilalamika sana. Ndege wanaotaga mchangani walifaidika, na samaki wa sehemu zile zisizofikika kwa miguu pia walipata nafasi ya kupumua.

Basi Februari 2022 idara inayosimamia uvuvi ilitoa tangazo: droni za kupeleka chambo, boti za rimoti na rili za umeme haziruhusiwi kwa wavuvi wa starehe. Wafanyabiashara wa vifaa hivyo walikwenda mahakamani Pretoria. Kesi yenyewe, ukiisoma bila haraka, ni kesi ya lugha. Kanuni za nchi ile zinaeleza kuvua kwa mshipi kuwa ni kutumia fimbo, rili na uzi kwa kuviendesha kwa mikono, na ndoana zisizidi kumi kwa uzi mmoja. Kwa mikono. Sheria haikuwa imetaja droni, maana ilipoandikwa nani angezitaja? Swali likawa: droni ikishapeleka chambo na kuondoka, na mtu akamvuta samaki kwa mkono wake mwenyewe, je, amevua kwa mikono? Mwaka huo huo mahakama kuu ikawakatalia wafanyabiashara.

Nimelisumbukia swali hilo kuliko nilivyotarajia. Kuna upande wangu unaosema hapa pana unafiki. Rili nayo ni mashine. Uzi wa nailoni umetoka kiwandani. Kishada cha New Zealand kinabebwa na upepo, chazo alibebwa na tumbo lake, na hakuna aliyeuliza mkono wa mtu ulikuwa wapi. Ukianza kutafuta uvuvi safi wa mkono mtupu utaishia kukimbizana na kaa.

Lakini naona idara ilikuwa na hoja. Kishada kinasubiri upepo wa siku fulani. Chazo lazima akamatwe kwanza, atunzwe, na naye ana siku zake za kukataa kazi. Droni haina siku mbaya sana. Ukichaji betri tatu una safari tatu. Kwa muda mrefu yale maji ambayo mkono haukuyafikia yalikuwa hifadhi isiyo na ubao wala askari. Samaki wakubwa wazazi walikaa huko kwa sababu hakuna aliyeweza kuwafikia kutoka nchi kavu. Kifaa kinachofuta mkono mfupi kinafuta na hifadhi hiyo, bila mtu yeyote kupiga kura. Ndiyo maana nilisema ile idadi ya ndoana 25 ina uzito: New Zealand wameweka mpaka kwenye kile kinachotoka baharini, wakaacha njia ya kukipeleka. Afrika Kusini wameweka mpaka kwenye njia yenyewe. Kuna na jambo la papa. Akinaswa mita 400 nje, anapigana njia yote hiyo, na hata akiachiwa baada ya picha huenda hana nguvu za kuondoka. Uzi ukikatika huko mbali, mita mia kadhaa za nailoni zinabaki majini.

Kwetu ugomvi wa vifaa hauna sura ya droni. Nyavu za kukokota zilipigwa marufuku mwaka 2001 na bado zinagombaniwa, maana anayezivuta ni kijana asiye na chombo, na ukimnyang'anya wavu hujampa mashua. Kuhusu droni zenyewe, kanuni za kwanza za kuzirusha zilitungwa 2017, Bunge likazitupa 2018, zikaandikwa upya 2020, na mtu wa kawaida bado anapaswa kujisajili kwa mamlaka ya usafiri wa anga kabla hajairusha hata juu ya shamba la babake.

Nilimwonyesha mjomba mmoja wa Kisiwani, mvuvi wa miaka mingi, zile video kwenye simu. Alitazama mbili bila kusema kitu. Ya tatu akaniuliza kama huko kwao kuna mwamba. Nikamwambia ni mchanga mtupu hadi ndani. Akasema huku ungepeleka chambo ng'ambo ya mwamba sawa, kwenye kilindi, lakini uzi wote ungelala juu ya matumbawe, na samaki akivuta mara ya kwanza tu umekatika. Kisha akaniuliza bei, na inabeba kilo ngapi.