Kompyuta moja, mifumo endeshi miwili

Kompyuta ikibadilishwa, mara nyingi kinachopotea si mashine bali kazi zilizomo. Hesabu zilizoandikwa kwa programu ya miaka ishirini iliyopita huenda zisifunguke kabisa katika Windows ya sasa, ingawa faili lenyewe ni zima. Njia mojawapo ya kuziokoa ni kuendesha mfumo endeshi wa zamani ndani ya ule mpya, bila kuufuta wowote kati yake.

Kazi hiyo hufanywa na programu inayoigiza kompyuta nzima. Huchukua sehemu ya kumbukumbu na ya diski, ikaunda humo kompyuta pepe, na mfumo unaowekwa ndani yake hufanya kazi kana kwamba una mashine yake wenyewe. Mwaka 1997 kampuni ya Connectix ilitoa Virtual PC ili kompyuta za Macintosh ziweze kuendesha Windows. Kwa kuwa prosesa za Macintosh za wakati huo zilikuwa za aina nyingine, kila amri ilibidi itafsiriwe, na mwendo ukawa wa kobe. VMware ya mwaka 1999 ilipunguza adha hiyo katika kompyuta za kawaida kwa kuziacha amri nyingi zipite moja kwa moja hadi kwenye prosesa. VirtualBox, iliyoanza kutolewa mwaka 2007 na kampuni ya Kijerumani ya Innotek, sasa ni mali ya Oracle na hupatikana bure.

Kiswahili nacho kina cha kuokoa. Desemba 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Anayetaka kuiona leo kama ilivyokuwa atapata wepesi akiiweka katika mfumo wa zama zake, ndani ya kompyuta pepe.

Faida hiyo si ya watafiti wa mijini pekee. Chukulia karani wa pamba huko Mwandoya, wilayani Meatu, mkoani Simiyu, aliyerithi hesabu za misimu iliyopita katika programu ya Windows XP. Hahitaji mashine ya pili: XP huridhika na megabaiti 512 za kumbukumbu, kiasi ambacho kompyuta yenye gigabaiti 4 inaweza kukitoa bila kulemewa sana.

Hata hivyo, leseni ya Windows inahitajika hata kwa mfumo ulio ndani ya mwingine. Aidha, Microsoft iliacha kuihudumia XP tarehe 8 Aprili 2014, hivyo ni busara kuifungia intaneti. Kompyuta pepe yote ni mafaili tu. Ikizimwa vizuri, inaweza kunakiliwa kwenye diski ya nje, na umeme ukikatika kazi ikaharibika, nakala hiyo hufunguliwa hata katika mashine nyingine.